Noti iko wapi? Madimba, ngoma, na ubao mmoja nilioharibu

Wenye kunijua wanajua mimi ni mtu wa mihindi na soya. Nilipata lisansi ya agronomi, nikavaa toga, nikapiga foto, kisha nikaanza kutembeza karatasi za kuomba kazi sawa wengi kati yetu. Lakini leo sitaandika juu ya shamba. Nataka kuelezea swali moja lililonipatisha haya mbele ya muzee mmoja: kwa nini vyombo vingine vya kupiga vinatoa noti, na vingine vinatoa mulio tu bila noti? Madimba na ngoma vyote vinapigwa. Madimba unaweza kuiimbisha wimbo, ngoma ya kawaida huwezi. Tofauti inatoka wapi?

Nianze na haya yangu, juu njo ilinifundisha.

Mwaka jana korali moja ya mtaa wetu, huku Lubumbashi, iliagiza madimba kwa muzee mmoja wa Kasai anayekaa pembeni ya muji. Walimpa avansi, nusu ya pesa. Muzee akafanya kazi miezi minne: mbao kumi na nne, vibuyu kumi na vinne, kamba, nta, yote kwa mikono yake. Siku alipoileta, kiongozi wa korali akawasha klavie, akagusa do, kisha akapiga ubao wa kwanza. Havikulingana. Akajaribu re, akajaribu mi. Kuna mbao zilizoanguka karibu na noti ya klavie, na kuna zilizoanguka katikati ya noti mbili. Akasema mbele ya watu wote:

"Hii kintu haina na noti. Ni sawa ngoma tu. Hatutalipa pesa ingine."

Muzee hakujibu. Alifunika madimba yake na kitambaa, akakaa kwenyi benchi. Nilikuwa pale juu leki yangu anaimba soprano. Nilimuonea muzee huruma, lakini niseme ukweli: kichwa cha mlisansie kilinipanda vilevile. Nikamwambia: "Papa, hii ni mambo ya frekansi, ni fizike. Unipatie ubao mmoja, nitaurekebisha." Akaniangalia kitambo. Alikuwa amechoka, na alitaka pesa yake. Akanifungulia ubao wa tano.

Nyumbani nilipima na telefone. Kuna aplikasio ya bure inayoonyesha sauti kwa hertz, maana yake ni mara ngapi kitu kinatetemeka kwa sekunde moja. Ubao ulitoa 318. Mi ya klavie ni karibu 330. Basi, nilihitaji kupandisha sauti kidogo tu. Nikawaza hivi: kwenyi gitari, uzi mwembamba unatoa sauti nyembamba, na uzi munene unatoa sauti nene. Kwa hiyo nikipunguza unene wa ubao, sauti itapanda. Nikashika kisu na tupa, nikaanza kukwangua chini ya ubao, katikati kabisa, fasi ile muzee mwenyewe alikuwa amechimba kidogo.

Nikapima: 311. Nikafikiri telefone inadanganya. Nikakwangua tena: 302. Nikakasirika, nikakwangua kwa nguvu. Nilipoacha, ubao ulikuwa kwenyi 287, umeshapita hata jirani yake wa chini. Kazi ya muzee ya siku nyingi, mimi niliiharibu kwa saa moja na diplome yangu ukutani.

Kesho yake nilienda kwake. Aliushika ubao, akaugeuza, akaweka kidole fasi niliyokwangua.

"Ingenieri, ulipunguza wapi?"

"Mu katikati, Papa."

"Njo maana. Mu katikati ubao unakuwa laini, sauti inashuka. Ukitaka ipande, unapunguza ku mwisho, huku na huku. Ku universite habakufundishaka?"

Walinifundisha, bandugu. Niliikuta kwenyi karatasi zangu za fizike za mwaka wa kwanza nilipozitafuta usiku ule. Sikuwa nimeielewa. Sasa nielezee vile nilivyoielewa nyuma ya ile haya.

Mulio na noti

Kila kitu ukikipiga kinatetemeka. Lakini hakitetemeki kwa namna moja tu. Kinatetemeka kwa namna nyingi pamoja, kila namna na mwendo wake. Sikio linapokea yote kwa mara moja na kujaribu kuyaunganisha.

Chukua uzi wa gitari unaotetemeka mara 110 kwa sekunde. Pamoja na hiyo 110, uzi unatetemeka vilevile 220, 330, 440, 550 na kuendelea. Angalia hesabu: ni 110 mara 2, mara 3, mara 4, mara 5. Zote ni watoto wa baba mmoja. Sikio linaziunganisha na kusema: "Hii ni noti moja, na jina lake ni la."

Sasa chukua ngozi ya duara iliyovutwa sawasawa, ngoma ya kawaida. Tuseme mtetemo wake wa kwanza ni 100. Wa pili hauwi 200. Unakuwa karibu 159. Wa tatu 214, wa ine 230, wa tano 265. Hakuna anayezaa mwingine. Ni sawa mkutano ambamo kila mtu anasema habari yake kwa wakati mmoja: unasikia kwamba watu wanasema, unasikia kama ni sauti za watoto ao za wakubwa, lakini huwezi kuandika neno lililosemwa. Kwa ngoma, sikio linasikia kama mulio ni munene ao mwembamba. Halipati noti ya kushika na kuimba nayo.

Njo tofauti yenyewe. Chombo chenye noti ni kile ambacho mitetemo yake inapatana vya kutosha, ao ambacho mtetemo mmoja una nguvu na unadumu kuliko mingine, paka sikio linapata sauti moja ya kufuata. Chombo kisicho na noti ni kile ambacho mitetemo yake haipatani, ao inazimika haraka sana. Upande wa kwanza weka madimba, vibrafone, kengele za kanisa zilizolinganishwa, na timbali za orkestra. Upande wa pili weka ngoma kubwa ya batri, simbali, kayamba, vipande viwili vya mti vinavyogonganishwa, hata mikono tunayopiga kanisani.

Wale wanaoandika muziki wanaheshimu tofauti hiyo kwenyi karatasi. Chombo chenye noti kinaandikwa kwa mistari mitano ya kawaida. Kisicho na noti kinaweza kuandikwa kwa mstari mmoja tu, juu kinachoombwa pale ni wakati wa kupiga na nguvu ya kupiga.

Kwa nini ubao ulinishusha

Ubao si uzi. Uzi unatetemeka juu umevutwa. Ubao haujavutwa na mtu; unatetemeka juu ni mgumu, unakataa kupindwa na kurudi fasi yake. Kwa hiyo sheria ni zingine.

Sheria ya kwanza ni ya urefu. Ukikata uzi nusu, sauti inapanda mara 2. Ukikata ubao nusu na kuacha unene uleule, sauti inapanda mara 4. Njo sababu kwenyi madimba ubao wa sauti nyembamba si mfupi sana vile mtu angefikiri ukilinganisha na ule munene.

Sheria ya pili ni ya unene. Ubao munene ni mgumu zaidi, kwa hiyo unatetemeka haraka. Ukiupunguza wote, unashuka. Ni kinyume cha uzi. Hapa njo nilianguka: nilichukua akili ya gitari nikaipeleka kwa madimba.

Sheria ya tatu ni ile ya muzee. Ubao unapotetemeka, unapindika sana katikati, na miisho inapanda na kushuka. Ukikwangua katikati, unaondoa ugumu fasi ugumu unapohitajika, sauti inashuka. Ukikwangua kwenyi miisho, ugumu hauguswi sana, lakini unaondoa uzito fasi inayokimbia. Ubao unakuwa mwepesi na sauti inapanda.

Kati ya kupindika na kukimbia kuna fasi mbili ambazo karibu hazitembei. Kwa ubao wa unene mmoja ziko karibu asilimia 22 ya urefu kutoka kila mwisho. Ubao wa sentimetre 40, ni karibu sentimetre 9 huku na sentimetre 9 huku. Njo pale mafundi wanapitisha kamba. Ukifunga ubao fasi ingine, unauua: inalia "ko" na kunyamaza. Mnaweza kujaribu: weka ubao juu ya vitambaa viwili, nyunyiza chumvi laini, gonga katikati polepole mara nyingi. Chumvi itakimbia na kujipanga mistari miwili. Muzee hakuwahi kupima asilimia. Aliniambia anashika ubao na vidole viwili, anaugonga, anasogeza vidole paka unaimba vizuri, kisha anatoboa pale.

Na kuna jambo lingine lililonishangaza. Ubao wa unene mmoja, usiochongwa, nao mitetemo yake haipatani: kama wa kwanza ni 100, wa pili ni karibu 276, na wa tatu karibu 540. Fundi anapochimba chini ya ubao anaweza kuvuta mtetemo wa pili ukae fasi nzuri. Kwenyi marimba zinazotengenezwa kwenyi viwanda vya leo, wanauweka mara 4 ya ule wa kwanza. Kwenyi silofone, mara 3. Kwa hiyo mti hauzaliwi na noti kamili. Noti inatafutwa na kisu.

Kisha vinakuja vibuyu. Hapa niko nyumbani, juu kibuyu ni Lagenaria siceraria, mmea wa jamii ya maboga. Kila ubao una kibuyu chake chini, kikubwa kwa sauti nene, kidogo kwa sauti nyembamba. Hewa ya ndani ya kibuyu ina mtetemo wake. Kama unalingana na wa ubao, sauti inakuwa kubwa. Kama haulingani, ubao unaimba peke yake na hausikiki mbali. Kwenyi kibuyu fundi anatoboa tundu dogo na kulifunika na utando mwembamba, mara nyingi ule wa buibui. Utando unafanya "zzz". Mtu wa klavie anaweza kufikiri ni kasoro. Hapana, unawekwa kwa makusudi. Muzee anasema madimba bila ile "zzz" ni sawa bukari bila chumvi kwenyi mboga. Angalia basi: chombo chenye noti, na fundi anaongeza ndani yake kelele isiyo na noti, juu anaipenda.

Vyombo vya katikati

Msifikiri mpaka uko wazi sawa ukuta. Kuna vyombo vinavyokaa juu yake.

Timbali ni ngoma ya ngozi, lakini ina noti. Inawezekanaje? Chini yake kuna sufuria kubwa, mara nyingi la shaba, ile shaba inayotoka kwenyi udongo kama huu wetu. Ngozi ni kubwa na hewa inayoizunguka ni nzito kwake. Hewa hiyo inasukuma mitetemo ya ngozi paka inakaribia kupatana, sawa 2, 3, 4, 5. Na mpigaji hapigi katikati. Anapiga karibu na ukingo, ili kuamsha mitetemo ile tu inayopatana. Akibonyeza pedali, ngozi inavutwa na noti inapanda. Beethoven, kwenyi simfoni yake ya 9 iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1824, aliomba timbali mbili zilinganishwe kwa fa ya chini na fa ya juu, na akazipa nafasi ya kusema peke yake.

Wahindi walipata njia ingine. Kwenyi tabla wanabandika katikati ya ngozi duara jeusi la mchanganyiko maalum, tabaka juu ya tabaka. Uzito ule unarekebisha mitetemo paka inapatana. C. V. Raman, Muhindi aliyepata zawadi ya Nobel ya fizike mwaka 1930, alichunguza jambo hilo na kuonyesha kwamba mafundi wa ngoma za kwao walikuwa wamelipata kabla ya wanafizike. Huku kwetu vilevile kuna wapigaji wanaobandika ulimbo ao nta katikati ya ngozi ili mulio uwe munene na safi. Na wote tunawaona wanaweka ngoma karibu na moto mbele ya kuanza. Mtu wa agronomi anaelewa haraka: ngozi inakunywa maji ya hewa, inalegea, sauti inashuka. Moto unaondoa maji, ngozi inavutika, sauti inapanda. Wakati wa mvua mpigaji anahitaji moto kuliko wakati wa kiangazi.

Halafu kuna lokole, ule mti uliotobolewa ndani na kuachwa na midomo miwili. Hauna ngozi. Mdomo mmoja ni munene kuliko mwingine, kwa hiyo unatoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Ni noti mbili? Kwa orkestra ya Ulaya, pengine wangeiweka upande wa wasio na noti. Lakini Walokele wa kando ya mto, karibu na Kisangani, walituma habari nazo toka kijiji paka kijiji. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Siri iko kwenyi luga. Luga zetu nyingi zina toni: kwa Lingala, kokoma ya kuandika na kokoma ya kufika zinaandikwa sawa, lakini sauti zake hazipandi na kushuka sawa. Lokole inapiga toni za maneno bila maneno yenyewe. Na juu maneno mengi yana toni moja, mpigaji hasemi neno peke yake, anasema fungu refu linalojulikana, ili mwenye kusikia asikosee. Kiswahili hakina toni za namna ile, kwa hiyo huwezi kukisemesha kwa lokole vile unavyosemesha Kilokele. Sauti mbili tu zinatosha kubeba habari ya kifo ao ya mkutano. Nani atasema hazina kitu?

Kisicho na noti si kidogo

Lile neno la kiongozi wa korali, "ni sawa ngoma tu", liliniuma hata kwa upande wa ngoma. Mwaka 1958, padri Guido Haazen na korali ya Les Troubadours du Roi Baudouin, ya Kamina, walirekodi Missa Luba. Hakuna ogani, hakuna piano. Ni sauti za watu na vyombo vya kupiga, na dunia nzima iliisikia. Jirani zetu wa Burundi, ngoma zao za kifalme ziliandikwa na UNESCO kwenyi urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Pale kuna ngoma ya katikati, inkiranya, inayoongoza. Kuna amashakwe zinazoshika mwendo bila kubadilika. Na kuna ibishikizo zinazofuata inkiranya. Hakuna wimbo wa do-re-mi, lakini kila ngoma inajua kazi yake, na ukitoa moja kundi linaanguka.

Hata ule mgawanyo wenyewe, wa noti na bila noti, ni wa watu wa orkestra. Hornbostel na Sachs, walipopanga vyombo vya dunia mwaka 1914, hawakuanza na noti. Waliuliza: ni kitu gani kinatetemeka? Kama ni mwili wa chombo chenyewe, kinakaa kundi moja: madimba, lokole, kengele, kayamba, hata likembe. Kama ni ngozi, kundi lingine: ngoma na timbali. Kwa mpango huo madimba na kayamba ni watoto wa nyumba moja.

Madimba haikuwa na kosa

Sasa turudi kwenyi deni la muzee. Nilimuomba ruhusa nipime mbao zote zilizobaki, bila kugusa kisu. Nikaandika hesabu kwenyi kaye. Kila baada ya mbao saba, sauti ilirudi mara 2 ya mwanzo, sawasawa kabisa. Na kati ya ubao na ubao, hatua zilikaribia kuwa sawa zote.

Hapo njo kila kitu kilifunguka. Klavie inagawanya ule umbali, toka do paka do ingine, kwa hatua 12 zilizo sawa. Wanaopima wanasema umbali wote ni senti 1200, na kila hatua ni senti 100. Kwa wimbo wa kawaida, do-re-mi inaruka hatua mbili hapa, hatua moja pale. Muzee yeye aligawanya umbali uleule kwa 7. Ukigawa 1200 kwa 7 unapata karibu 171. Noti ya 171 haiko kwenyi klavie. Iko kati ya 100 na 200. Si yeye peke yake: Wachopi wa Msumbiji, ambao timbila zao ni maarufu dunia nzima, nao wanajulikana kwa hatua saba zinazokaribia kuwa sawa. Madimba ya muzee ilikuwa na noti zote, na sikio lake lilizilinganisha vizuri kuliko kisu changu. Hazikuwa tu noti za klavie.

Nilipeleka kaye yangu kwa kiongozi wa korali. Nilikuwa na woga, juu ni mtu mkubwa na amefundisha wengi. Sikumwambia amekosea. Nilimwonyesha hesabu, kisha nikamuomba jambo moja: wimbo mmoja tu, klavie izimwe, madimba na ngoma zibaki na waimbaji. Wa kwanza kuelewa walikuwa ba mama wa alto. Sauti ya mtu haijafungwa kwa hatua 12. Inasogea kidogo na kukaa pale madimba iko. Walipomaliza mara ya tatu, kiongozi alikaa kimya, kisha akasema: "Basi ule wimbo wa matoleo tuimbe hivi. Ingine tutaimba na klavie." Wiki mbili nyuma muzee alilipwa pesa iliyobaki. Kwa agizo lijalo wamekubaliana toka mwanzo: kama korali inataka madimba ya kulingana na klavie, imwambie mbele, na yeye atachonga hivyo. Anaweza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ubao wangu haukupona. Muzee alikwangua miisho, sauti ikapanda paka 300 na kitu, lakini katikati palikuwa pamebaki pembamba sana, na siku ya tatu ukapasuka. Ilibidi achonge mwingine. Ubao ule ni wa jamii ya Pterocarpus, ile jamii ya mukula, ambayo kila mtu wa huku anaijua juu ya magari yaliyokuwa yanaibeba kwenda mpakani. Leo kipande kizuri kikavu ni shida kupata. Chake kilikuwa kimekaa juu ya moto wa jikoni miaka miwili. Mimi ninayejua kwamba mihindi isipofika asilimia 13 ao 14 ya maji inaoza gudani, sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ubao wa madimba nao unahitaji kukauka hivyo, ama sivyo noti inahama kila msimu. Nililipa kwa mikono: siku tano za kubeba maji, kuchonga vigingi na kupanda vibuyu vyake nyuma ya nyumba. Vibuyu vilikubali vizuri. Hiyo kazi naiweza.

Kwa mwenye kutaka kuona mambo haya leo jioni, bila madimba: chukua chupa mbili zinazofanana za kioo. Moja iache wazi, ingine itie maji nusu. Gonga na kijiko: yenye maji inatoa sauti nene, juu maji yanazito kioo na kioo ndicho kinachotetemeka. Kisha puliza juu ya mdomo wa chupa: yenye maji sasa inatoa sauti nyembamba, juu kinachotetemeka ni hewa, na hewa imebaki kidogo. Chupa ni ileile na maji ni yaleyale, lakini jibu limegeuka. Mwenye kukuuliza "maji yanapandisha sauti ao yanashusha?", muulize kwanza nini kinatetemeka.

Mimi sikuuliza, nikashika kisu. Kile kipande kilichopasuka muzee alinipatia. Kiko kwenyi meza yangu, karibu na diplome. Nikikigonga, kinasema "ko" tu.